Jinsi nilivyorekebisha mashine ya mayai ya mama mkwe nikiwa nje ya dirisha

Wakuu, habari za mvua huko mliko. Hii sikuisikia kwa jirani. Ni yangu, na aibu ni yangu pia.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kitale. Mama mkwe anaishi Misikhu, na kina mama wa chama chake walimpa mayai sitini ya kienyeji awaangulie. Kila mmoja aliandika jina lake kwenye ganda kwa penseli. Yakiharibika, kila mwenye yai anajulikana, na mkwe aliyetengeneza incubator, mashine ya kuyaangulia, anajulikana zaidi.

Trei ya mayai inageuzwa na mota, na kila yai lina X upande mmoja ili ionekane kama limegeuka. Kuiendesha nilitumia evaluation board ya motor driver, bodi ya majaribio. Ina taa ya kijani ya power, umeme ukiwepo, na nyekundu ya fault, kukiwa na hitilafu. Pia ina jumper, kile kiplastiki cheusi kinachounganisha pini, cha kuchagua bodi ipate umeme wa laptop au wa betri.

Kwa meza yangu ilizunguka vizuri ajabu. Nikajipiga kifua. Mke wangu akaipeleka, akaiwasha, akarudi.

Kesho yake mama mkwe akapiga simu. "Alama ya X bado iko juu kwa mayai yote. Hii kitu yako inalala?"

Yasipogeuzwa, wakuu, vifaranga hushikana na ganda. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa Misikhu.

Sasa shida. Incubator iko chumbani anamolala. Sisi Wabukusu, mkwe haingii huko, hata nyumba ikiungua utafikiria mara mbili. Kuitoa nje kwenye baridi nako ni kuua mayai.

Nikapewa kiti chini ya dirisha, pazia kati yetu, nikaanza kutibu mgonjwa nisiyemwona.

"Mayi," yaani mama, "taa nyekundu inawaka?"

"Haiwaki."

Nikafurahi, hakuna fault! Nikamwambia akaze skrubu, avute waya za mota, asukume trei. Nusu saa nzima. Kila nikiuliza nyekundu, haiwaki.

Mwishowe akachoka. "Baba Simiyu, si hakuna taa hata moja inawaka kwa hiyo bodi! Wewe umeuliza nyekundu tu, bana."

Nilitamani ardhi ipasuke. Balbu ya joto ina waya wake, ndiyo maana sanduku lilionekana zima. Bodi yenyewe ilikuwa imekufa. Jumper niliiacha upande wa laptop, na laptop iko Kitale.

Nikamwelekeza. Akazima, akaichomoa kwa kibanio cha nywele, akaisogeza pini moja. Akawasha.

"Kijani imekuja! Na nyekundu pia!"

Hiyo ni trei imelemewa. "Mayi, kuna kitu umeongeza?"

"Ni ya bata tu. Nane."

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Alipoyatoa, nikasikia mota ikinguruma, na moyo wangu ukarudi mahali pake.

Vifaranga hamsini na mmoja walitoka.

Nilichojifunza: taa ya fault isiyowaka si cheti cha afya. Uliza kwanza kama bodi iko hai. Na kitu cha ukweni kijaribu bila laptop.

Juzi mama mkwe aliniandikia: "Nyekundu iliwaka. Nimetoa bata. Usijisumbue kuja."

Mafundi wenye wakwe, nyinyi mliumbuliwa na nini? Mwageni hapa, nisichekwe peke yangu.