Wakwe Wawili kwenye Bamba Moja

Duka langu la picha pale Mbeya lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara ya sokoni, wa nyuma ulitokea kwenye kichochoro cha kwenda mtoni. Mlango wa nyuma sikuujali mpaka mwanamke mmoja wa Kinyakyusa, mwimbaji wa kwaya, aliponionyesha una kazi gani.

Mimi ni mtu wa Iringa. Kamera niliiona mara ya kwanza Tosamaganga, mikononi mwa padre, na kazi nilijifunza Mlandege, Iringa mjini, kwa fundi mmoja Mhindi. Alinifundisha kutazama viatu vya mteja kwanza. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri kutoka milimani, akafuta matope na kuvaa viatu mlangoni kwetu, alitaka viatu hivyo vionekane. Ukimpiga nusu mwili alilalamika: "Umenikata miguu. Kwani mimi mgonjwa?"

Nilipohamia Mbeya, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuta ukungu mwingi na watu wapendao kucheza. Jumapili mchana kulikuwa na mganda, vijana wa kaptula nyeupe wamejipanga mistari kama askari, wakipuliza vibuyu. Nakumbuka kiongozi wao mmoja aliyeningoja amesimama wima tangu asubuhi, benchi likiwa tupu kando yake. "Piga haraka, bwana," alisema. "Kaptula hii nimeipiga pasi, haijui kukaa." Sikukuu zilileta kwaya za makanisa, na bendi ya matarumbeta iliyoshuka milimani kwa miguu, vyombo vimefunikwa majani ya migomba kwa ajili ya mvua. Siku za kawaida nilipiga picha malori ya mpunga kutoka Chimala, mafundi cherehani barazani, akina mama wakipima viazi kwa debe. Zilizotoka vizuri nilizibandika kwenye ubao mbele ya duka.

Ubao huo ndio ulioanzisha jambo lenyewe. Baada ya siku moja ya kwaya nilibandika picha mbili katikati: mwanamke kijana ameinua kidevu, anaongoza wimbo; kando yake mzee wa bendi, mashavu yamejaa, tarumbeta linang'aa. Siku ya soko yule mwanamke akaja kuchukua nakala yake. Alipokaribia baraza aligeuka ghafla, akajifunika khanga usoni, akapotea. Punde nikasikia mlango wa nyuma ukigongwa.

"Picha haikukupendeza, dada?"

"Yangu nzuri. Mtoe yule mwenye tarumbeta."

"Mzee wa watu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, kaka. Ni baba wa mume wangu." Akanyoosha mkono apewe nakala, kichwa kimebaki nje.

Jioni mumewe, fundi mwashi, alikuja kunieleza huku akicheka. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hakai naye chumba kimoja, wala hatamki jina lake. Wakielekea kukutana, mwanamke huacha njia na kujificha. Si ugomvi, ni heshima. "Ninyi Wahehe kazi yenu kumsalimu kila mtu 'kamwene, kamwene'," alisema. "Umempanga baba yangu bega kwa bega na mke wangu, na mji mzima unapita hapa."

Nikaihamisha picha ya mzee, nikadhani yamekwisha. Baada ya wiki chache fundi mwashi akarudi, safari hii hacheki. Alikuwa amejiandikisha kwenda migodini kusini, na lori lilikuwa linaondoka keshokutwa. Alitaka picha moja ya kwenda nayo, yenye mke wake na baba yake pamoja.

"Si wewe uliyenieleza kwamba haiwezekani?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

"Nikupigie mbili. Kila mtu yake."

Akatikisa kichwa. Mama yake alikwisha kufariki. Yeye akiondoka, wangebaki watu wawili wasioonana, mmoja anakohoa, mwingine ana mimba. "Nikiwabeba kwenye karatasi mbili nitaona nimemwacha kila mtu peke yake," alisema. "Na sijui kama mzee atamwangalia mke wangu nikiwa mbali. Hajasema neno."

"Umemwuliza?"

"Baba haulizwi hivyo."

Kamera yangu ilikuwa sanduku kubwa la miguu mitatu, na kila picha ilitumia bamba lake la kioo. Yule fundi Mhindi wa Iringa alinionyesha siku moja, kwa mchezo tu, alivyojipiga picha akawa watu wawili, mmoja akimmiminia mwenzake chai. Unaziba nusu ya bamba kwa kadi nyeusi, nusu hiyo inabaki gizani ikisubiri. Baadaye unahamisha kadi na kupiga nusu ya pili, hata kama ni jioni. Sharti ni moja, kamera isisogee hata kidogo.

Mke akaja kesho yake asubuhi, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki sakafuni, nikamweka kwenye kiti upande wa kushoto.

"Naye atakuja hapa hapa?"

"Jioni. Wewe utakuwa nyumbani."

Akafikiri. "Na macho yangu kwenye picha yatakuwa yanatazama wapi?"

"Kwangu."

"Basi sawa. Nitakutazama wewe tu."

Alipoondoka nilifunga duka kutwa nzima, mtu asije akaigusa kamera. Wateja waligonga wakachoka, mmoja akatangaza barabarani kwamba Mhehe leo amelewa. Mzee naye alicheleweshwa na mazoezi ya bendi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na mwanga wangu wote ulitoka dirisha moja. Alipofika, tarumbeta kwapani, dirisha lilikuwa limeshageuka kijivu.

Nilimweleza jambo lote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi yeye yuko wapi?"

"Nyumbani kwake, baba."

"Basi mimi nitapigwa picha na nani?"

"Na kiti."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akakitazama kile kiti. "Alikalia hiki?" Nilipoitikia hakukisogelea. Alizunguka nyuma yangu, akijibana ukutani, viatu vyake vikapita karibu sana na miguu ya kamera bila kuigusa. Akatokea upande wake wa mstari. Nikakitoa kiti nje.

Yeye nilikuwa nimemwekea stuli. "Mwenzangu amekaa au amesimama?" aliuliza.

"Amekaa."

Akaisukuma stuli kwa mguu. "Basi mimi nisimame. Tukikaa wote, mlango nani anaulinda?"

Akalishika tarumbeta kwa mkono wa nje, kama mtu aliyeshika rungu, akatazama mbele. Kwa ajili ya lile giza niliiacha lenzi wazi muda mrefu kuliko kawaida. Hakukohoa.

Asubuhi kabla ya lori kuondoka mwanawe alikuja. Nilimpa picha ingali na unyevu pembeni. Wale wawili walikuwa mbele ya ukuta mmoja, mke ameketi, mzee amesimama, na kati yao ulipita mstari mwembamba mweusi tangu juu hadi chini.

"Huu mstari?"

"Ni wa kadi. Sikuweza kuuondoa."

"Uache. Tata ataupenda." Alimaanisha baba yake. Akaitazama tena, macho yakashuka mpaka kwenye viatu vya baba yake. "Amesimama," alisema polepole. "Mzee huyu hata kanisani huomba benchi."

Nikamwambia alichosema baba yake kuhusu mlango. Aliifunga picha kwenye leso, akaiweka kifuani ndani ya shati. "Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana, akatoka.

Nakala ya mke niliipeleka mlango wa nyuma. Hakuitazama. "Mkunje yeye nyuma, kaka," alisema, nami nikaikunja palepale kwenye mstari. Ndipo akaipokea, akajiona.

Mkataba ulipokwisha yule fundi mwashi alirejea, amekonda, na koti jipya. Alinitolea leso ile ile. Picha ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekatika kwenye mstari, mke kipande chake, baba kipande chake.

"Wametengana huko huko migodini," alisema. "Bamba bado unalo?"

Nilikuwa nalo. Nikamwambia aketi, achapishiwe nyingine. Hakuketi; alikuwa na watu wanaomngoja. Barazani mbele alikuwa baba yake, anakohoa na kugombana na fundi cherehani juu ya bei ya kifungo. Kichochoroni nyuma alikuwa mke wake, na mtoto mgongoni ambaye huyu bwana alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Nilipompa picha aliipeleka kwanza nyuma. Nilisikia mke akiuliza kama ameikunja vizuri. Kisha mume alirudi amembeba mtoto, akapita naye katikati ya duka langu, akafungua mlango wa mbele, akamweka mikononi mwa babu yake.