Vitanda Vinne vya Treni ya Zambia

Juzi pale Nyegezi, kwa wakala wa tiketi, nilisimama nyuma ya mzee na mkewe, masikio nimeyatega. Walikuwa wanakata tiketi za treni ya kwenda Zambia, matembezi yao ya kwanza tangu waoane.

“Babu, wanawake wanalala chumba chao na wanaume chao,” binti wa dirishani akasema, “labda mnunue vitanda vyote vinne vya chumba kimoja.”

“Viwili vinatutosha,” mama akawahi. “Hivyo vingine alale nani, mizigo?”

Mzee akamvuta kitenge taratibu. “Mama watoto, nisipokusikia ukikoroma, usingizi nitautoa wapi?”

Mama akajiziba uso kwa kiganja, akacheka mpaka mabega yakatikisika. “Haya binti, tupe vyote vinne. Kurudi tutapanda basi.”

Msomaji wangu, ukitafuta nauli nafuu, usiende kukata tiketi na mume anayekupenda.