Nguo za Wakesho Darini

Wiki iliyopita mwenye nyumba ninayopanga huku Marekani, mtaa wa Frogtown, alifungua kifuniko cha dari atazame mahali panapovuja, vumbi la kijivu likatumwagikia. Lilinuka magazeti ya zamani yaliyokaa mahali pakavu. Aliomba radhi, akaenda kutafuta ufagio. Mimi nilibaki nimesimama pale na wivu wa mtoto wa miaka tisa, uleule, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akinihifadhia huko juu.

Enzi hizo tuliishi kitongoji cha New Hope, katika nyumba ndogo ambayo baridi iliingia kama mwenye ufunguo wake. Hita iliunguruma kutwa, lakini tulilala na soksi. Theluji ikianguka, paa letu lilikaa jeupe kwa muda mfupi tu, kisha ikayeyuka na kugandia ukingoni, ikaning'inia kama mikuki ya kioo. Ya jirani ilibaki juu ya paa, nene na tulivu. Nilimuuliza baba kwa nini yake haiyeyuki.

"Yeye anapasha joto nyumba," baba alisema. "Sisi tunapasha joto mbingu."

Dawa aliijua: kupuliziwa darini magazeti yaliyosagwa, laini kama pamba, mpaka mbao zote zifunikwe na joto lisipate pa kutokea. Mama hakutaka kusikia. Darini kulikuwa na masanduku ya Wakesho, na chumba cha chini ya ardhi kiliingia maji kila theluji ilipoyeyuka. Masanduku yangekaa wapi?

Wakesho ni dada yangu, ananizidi mwaka mmoja. Wazazi wetu walipohamia Marekani mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Yeye alibaki Taita kwa bibi, akisubiri viza iliyokuwa itoke hivi karibuni. Hiyo hivi karibuni ndiyo niliyokulia. Na kwa kuwa tangu utotoni sikuamini jambo nisiloliona, kuna kipindi nilishuku kwamba Wakesho hayupo. Bibi alimpa simu, tukasikia mtu anakohoa, kisha simu ikarudi kwa bibi. Yule angeweza kuwa mtoto yeyote.

Nguo zake, hata hivyo, zilikuwepo. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee, na kila alipopata nafasi ya kupita dukani alirudi na kitu.

"Njoo nikupime," aliniita.

Nilivuliwa sweta nikavalishwa gauni jipya, kibandiko cha bei kikinikwaruza kwapani. Mama alinishika mabega, akanigeuza, akavuta mikono ya gauni, akapitisha vidole viwili ndani ya kola.

"Mwenzako ni mkubwa kidogo. Tumwachie nafasi."

Halafu nikavuliwa. Gauni likakunjwa, likapanda darini, nami nikarudi kwenye sweta yangu ya mitumba, yenye jina la shule ambako sikuwahi kusoma. Nilikuwa sanamu ya dukani. Tofauti ni kwamba sanamu huachiwa nguo mpaka jioni.

Kisha viza ikatoka. Mama alilia, akaimba, akapika chapati, na asubuhi iliyofuata akamwambia baba, "Mwite mtu wa dari. Mtoto hajazoea baridi."

Nilikuwa mezani na uji wangu. Nikauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, mimi je.

"Wewe umeshazoea," mama alisema, wala hakugeuka.

Nawaambia ukweli, hakuna sentensi iliyowahi kuniuma kama hiyo. Baridi yote niliyolala nayo, na hakuna aliyemwita mtu.

Wakaja wanaume wawili na lori. Waliingiza mpira mnene kama mkonga wa tembo, ukapita sebuleni, ukapanda hadi kwenye kifuniko cha dari. Mashine ikaanza kunguruma nje, na juu yetu ikasikika sauti ya mtu anayepepeta mchele, taratibu, chumba hadi chumba. Nyumba nzima ikanuka magazeti. Masanduku yalikuwa yameshushwa sebuleni, na mama akayafungua ili nguo zipate hewa.

"Hebu njoo," aliniita.

Gauni la kwanza halikupita mabegani. La pili liliishia juu ya magoti, mikono yake ikafika viwikoni. Viatu vyekundu, vile nilivyokuwa nikiviota, viliacha visigino vyangu nje. Moyo wangu ulicheza kwa furaha. Kama hazinitoshi mimi, yeye ndiyo kabisa. Mama alinijaribisha nguo moja baada ya nyingine mpaka masanduku yakabaki matupu, kisha akaketi sakafuni katikati ya nguo.

Baba akaingia, kichwa kimejaa vumbi la kijivu. "Wamemaliza. Mbona umekaa chini?"

"Amekua," mama alisema.

"Huyu?" baba aliuliza, akinitazama.

Mama akatikisa kichwa, akaanza kuzikunja upya.

Wakesho alifika theluji ikiwa bado imelala juu ya paa letu, nene na tulivu. Machoni pangu alikuwa mrefu kuliko mlango wa friji. Mama alikuwa amemtandikia nguo zote kitandani, nadhani kwa kushindwa kujua la kufanya nazo. Tulipobaki wawili, Wakesho aliokota kiatu chekundu, akakigeuza, akatazama soli isiyo na doa.

"Vilikuwa vyangu?"

"Vyako."

"Na wewe ulivivaa?"

"Dakika moja tu," nilijitetea kwa Kiswahili changu kibovu. "Mama ananipima, halafu ananivua."

"Kila nguo?"

"Kila nguo."

Akakirudisha kiatu mahali pake, polepole. "Basi ulifaidi," alisema, akanigeuzia mgongo.

Nilidhani ananidhihaki. Nilimaliza shule, nikaenda chuo kikuu, nikajifunza kutilia shaka karibu kila kitu, na nilikuwa tayari mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuwa akizungumzia nguo.

Hata leo, Wakesho akiaga kwa mama wakati wa baridi, mama humshika mabega, humgeuza, huvuta mikono ya koti lake, hupitisha vidole viwili ndani ya kola. Hutumia muda mrefu. Nami, mwenye shahada yangu, husimama mlangoni nikisubiri zamu yangu, zipu ya koti langu nimeiacha wazi kwa makusudi.