Msuli Uliogeuka Mweupe

Kukata kucha za mkono wa kulia wa mume wangu ilikuwa kazi ya watu wawili. Binti yetu mkubwa alimshika kiwiko, nami nikapenyeza kidole gumba changu chini ya vidole vyake, kimoja baada ya kingine, nikivinyanyua kwa nguvu. Ngumi ile haikuwa imefunguka tangu mvua zilizopita. Kucha zilichimba kiganja, kiganja kikatoa maji, na maji yakanuka. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Hakutaka kulia mbele ya binti yake, ila nilisikia meno yake yakisagana.

Alikuwa fundi wa nyavu. Tulivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, tukajenga nyumba Kashikishi, upande wa Zambia, na kilichotulisha ni ile mikono. Wavuvi walileta nyavu zilizoraruliwa na visiki wakazimwaga mlangoni kwetu, wakazifuata zikiwa zimepona. Alishona bila kutazama, huku akipiga hadithi na wapita njia.

Kiharusi kilimkuta mchana, kiangazi, akiwa kazini kando ya maji. Aliangukia wavu aliokuwa akiushona, na nilipofika ufukweni nilikuta wenzake wakimchomoa ndani ya nyuzi kama samaki. Hospitalini walituambia mshipa wa damu umeziba kichwani. Alirudi nyumbani akili timamu, maneno yake mazito lakini yanaeleweka, ingawa ni ya Kiswahili tu. Kibemba alichojifunza kwa miaka yote ya kukaa Zambia kilimtoka chote. Majirani walipomsalimu aliwatazama kama wageni, akanigeukia nimwambie wamesema nini. Mkono na mguu wa kulia vilining'inia kama kitambaa kilicholowa.

Baada ya wiki kadhaa, mkono ukaanza kukaza. Kwanza kiwiko kilijikunja, kisha vidole vikajikusanya. Tulifurahi. Nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba nguvu za mume wangu zinarudi, na kina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kukaza ambako si nguvu. Kwamba ubongo ukiumia, msuli unaweza kujikaza wenyewe na kusahau kulegea.

Mkono uliendelea kukaza hadi ngumi ikagandamana na kifua. Mguu nao ukafuata, kisigino kikapanda juu, akawa anakanyaga kwa ncha ya vidole, na kila alipojaribu kusimama alianguka. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimpaka mafuta. Mtu mmoja kutoka kisiwa cha Chisenga alileta majani, akayachemsha, akamfunga nayo, akasema kuna aliyemwonea mume wangu wivu. Mchungaji aliomba, akatuambia tufunge kula. Ngumi ilibaki ngumi. Wageni wakapungua, naye akaacha kuzungumza. Siku nyingine nilipokuwa nikisonga ubwali, ugali wa huku, nilimsikia akiusemesha mkono, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto atoke mahali alikojificha.

Ndipo likaja tangazo kwamba hospitali ya Nchelenge imepata munganga mgeni, maana ndivyo sisi watu wa ng'ambo tunavyomwita daktari, na kwamba ana mashine ya kutazama ndani ya misuli ya watu waliopigwa na kiharusi. Tulimpandisha kwenye baiskeli, binti yangu akisukuma, mimi nikimshikilia mgongo, tukapita kando ya chisense, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani. Njiani nilimwambia kwamba wakishaona ndani, watajua cha kufanya. Niliamini hivyo kabisa.

Tulikaa kwenye benchi pamoja na wanawake wajawazito, kwa sababu chumba kilikuwa kile kile chao. Mashine nayo ilikuwa ile ile ya kutazama mtoto tumboni, ambayo kule Kongo tuliiita ekografi na hapa wanaiita sikani. Munganga alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Aliongea Kibemba, akamwita mume wangu batata, yaani baba, nami bamayo, yaani mama. Ilinibidi nitafsiri kila neno.

Alipaka mafuta baridi kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, akauwekea kile kichwa cha mashine. Kwenye kioo ikatokea nyama nyeusi yenye mistari myembamba, imelala sawasawa. Akamwambia afunge vidole na kuvifungua. Mistari ikateleza, ikaenda, ikarudi. Mume wangu alisogeza uso karibu na kioo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona akitazama kitu kwa hamu.

Kisha munganga akahamia mkono wa kulia. Nilidhani mashine imeharibika. Palikuwa na weupe tu, kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, mistari haionekani. Alivuta vidole vile polepole kadiri vilivyokubali, akakodolea macho kioo. Hakuna kilichoteleza. Alisogeza kichwa cha mashine juu, chini, pembeni, akatafuta kwa uvumilivu. Mara mbili alisimama mahali, akabonyeza zaidi, kisha akaendelea. Mwishowe akaenda kwenye shavu la mguu. Huko weupe ulikuwa umeanza, lakini katikati palibaki weusi, na mistari, mifupi, ila ipo.

Alifuta mafuta kwa karatasi, akavuta kiti, akaketi mbele yangu. Alieleza bila haraka. Msuli uliojikaza muda mrefu bila kunyooshwa hukonda, na mahali pa nyama huingia mafuta na nyuzi za kovu. Huo ndio weupe tulioona. Ipo sindano ya kulegeza msuli wa namna hii. Hapa hawana, lakini hata ikiagizwa Lusaka, inafanya kazi pale ambapo msuli bado ni msuli. Katika mkono ule pamebaki kidogo mno. Madaktari wa upasuaji wanaweza kukata kano ili ngumi ifunguke na kiganja kipone, lakini mkono hautashika kitu tena. Mguu ndio unaweza kusaidiwa, kwa kuunyoosha kidogo kidogo ndani ya plasta.

Nilimuuliza kama tungekuja wakati ulipoanza kukaza ingekuwaje.

"Labda, bamayo," akasema. "Lakini wakati ule mashine haikuwepo hapa, wala mimi sikuwepo."

Kisha akaniomba nimweleze mume wangu.

Nimewahi kumzika mama yangu na mtoto mmoja, na sikumbuki maneno yaliyonishinda kutoka kama yale. Nilianza na mguu, kwa kuwa ulikuwa na habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho wa mguu, akangoja. Nikamwambia na ya mkono.

Alikuwa akitazama kioo, ambacho sasa kilikuwa kitupu.

"Ile ya kushoto ni mukono, nimeiona," akasema. "Hii ni nini?"

Akainua mkono wa kushoto, akagusa bega la kulia.

"Bakate, mama. Batoe yote, hapa ku bega."

Munganga aliuliza amesema nini, nami nikamwambia kama alivyosema. Hakumkemea wala hakumpa maneno matamu. Alimwekea mkono begani, juu kidogo ya pale alipoonyesha, akaniambia nimjulishe kwamba mkono uliokatwa nao huuma, hata ukiwa haupo tena, na kwamba tuanze na mguu. Mume wangu alikubali kwa kichwa, kama mtu anayekubali ili aachwe apumzike. Nilitoka nje nikashika ukuta. Wanawake wale wajawazito walinitazama, mmoja akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, akadhani nami nimeambiwa mimba imeharibika.

Msimu wote wa baridi mguu ulikuwa kwenye plasta. Kila baada ya muda waliikata, wakasukuma unyayo juu kidogo, wakafunga nyingine. Aliumia sana. Ngozi ilichubuka kisigino, tukasubiri ipone, tukaanza tena. Mkono ulifanyiwa upasuaji mjini Mansa; walikata kano, na vidole vikafunguka. Vilikaa wazi juu ya shuka, vyeupe kiganjani, havina habari na mtu. Niliposema sasa utaoshwa vizuri, alijibu kwamba hata maiti huoshwa vizuri.

Siku plasta ya mwisho ilipotolewa, kisigino chake kiligusa sakafu. Munganga alimshika kiuno, mume wangu akasimama, akapiga hatua kwa fimbo, mguu ukiburuzika ila haumwangushi. Watu chumbani walipiga makofi. Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya furaha, sikatai. Nyumbani akaanza kwenda chooni peke yake. Nilimshukuru Mungu, ila safari hii sikusimama mbele ya kanisa.

Kisha asubuhi moja nilirudi kutoka sokoni, nikakuta kiti chake kitupu. Chooni hakuwepo. Jirani alisema amemwona akishuka upande wa maji. Nilikimbia nikiwa bado na beseni kichwani, likaanguka njiani, sikulirudia. Ufuko ulikuwa na watu, mitumbwi ilikuwa ikipakuliwa, na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Alikuwa ameingia ziwani na nguo zake, mbali kidogo na wengine, maji yakimfika kiunoni. Fimbo yake ilikuwa ikielea nyuma yake.

Niliingia nikamshika mkono wa kushoto. Hakushtuka.

"Baba, turudi ku nyumba," nikamwambia.

Mawimbi madogo yalimsukuma, akayumba, nikamshika zaidi.

"Muguu iko na nguvu," akasema. "Inanifikisha."

Sikumuuliza inamfikisha wapi, naye hakuniambia. Tulitoka majini polepole, nikamkausha kwa kitenge changu, tukapanda hadi nyumbani. Siku hizi mimi nikienda sokoni, binti yangu anabaki. Binti akienda, nabaki mimi. Nikisikia kisigino chake kikiburuzika nyuma ya nyumba, naacha ninachofanya na kutoka nje, nikijifanya nina jambo la kufuata huko, nami namtazama hadi arudi kuketi.