Shosho Aliviona Vizuri

Jumapili baada ya ibada, msichana wa chuo kikuu aliweka kompyuta yake kwenye ukumbi wa kanisa pale Kianjai. Alikuwa anakusanya data ya jinsi ubongo unavyoona kitu na kuamua. Vitone vinakimbia kwenye kioo, wewe unabonyeza upande vinakoelekea. Mimi niliacha shule kidato cha pili, lakini macho yangu yanaweza kufundisha chuo, kwa hivyo nilisimama nyuma ya shosho mmoja, bibi mzee aliyekuwa anapimwa, nimsaidie.

"Kushoto hiyo," nikamwambia. Ukumbi wote ukaitikia, "Kushoto, shosho."

Akabonyeza kushoto. Msichana akashika kichwa.

"Shosho, vilienda kulia."

"Najua. Niliviona."

"Sasa mbona ukabonyeza kushoto?"

Shosho akaninyooshea kidole bila kugeuka. "Huyu kijana amesema na sauti ya mtu anayejua."

Msichana alibaki na machozi kwenye kope. Mwalimu wake anataka maamuzi ya mtu mmoja mmoja, si ya kamati, na akimkatalia hiyo data anarudia mwaka. Basi akafuta kila kitu, akanitoa nje pamoja na wengine, akafunga mlango. Nikachungulia dirishani. Shosho alibonyeza polepole, na msichana akaanza kutabasamu.

Kumbe macho ya shosho hayana shida, shida ni mimi. Na wanaotuomba kura huku wamelijua hilo zamani: hawatuletei miwani, wanatuletea vipaza sauti.