Kujinaki Mbele ya Kanisa

Neno lenyewe nililitoa kwenye kamusi ya shule iliyokuwa imepoteza jalada. Kujinaki: kujisifu, kujigamba. Nilikuwa darasa la nane, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kwetu karibu na Kapkatet sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Nikalitia kwenye insha: "Baba yangu hupenda kujinaki." Ilikuwa kweli. Kila tulipopeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapimia, aliitangazia foleni nzima alama zangu za mtihani, nami nimesimama papo hapo na kikapu mgongoni, natazama chini.

Jioni moja alilikuta daftari mezani. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Hii kujinaki ni nini?"

"Ni kushukuru, Baba," nikasema.

Akaridhika. Jumapili, wakati wa ushuhuda, akasimama.

"Ndugu zangu, leo nataka kujinagi kwa sababu ya mtoto wangu," akasema, k ikigeuka g kwa lafudhi yetu.

Watu wakasema amina. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama aliyetoka upande wa ziwa, aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Ibada ilipokwisha alimwita Baba kando, karibu na tangi la maji. Nilikuwa nyuma yao.

"Mzee, samahani. Lile neno ni la zamani. Maana yake ni kujisifu."

"Asante, Mwalimu," Baba akasema.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilingoja kiboko. Alibadilisha shati, akaenda kukamua ng'ombe, kisha akauliza kama chai iko tayari. Nikampa.

Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza shuleni. Pale kituoni wakamuuliza. "Amepita," akasema, akaendelea kuchambua majani yake. Sikuwahi kumwomba msamaha, na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Miaka sita baadaye alilazwa hospitalini. Nilifika nimevaa sweta ya chuo cha ualimu, na machungwa mfukoni. Muuguzi akaitazama ile sweta.

"Mzee, huyu mwalimu ni wako?"

"Ni mtoto tu," akasema.

Nikavuta kiti. Nikamenya chungwa, nikamlisha kipande kimoja kimoja, mpaka wakatuambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha.