Ng'ombe wa Mzee Metui Juu ya Bati

Karatu mjini, kwenye jengo la ghorofa moja ambalo chini yake Hhando ana saluni ya kiume, anafanya kazi mwanamke mmoja aitwaye Germana. Kazi yake ni kuwaonyesha watu nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu huja na kiwanja chake kichwani na mchoro wake wa kalamu mkononi, naye Germana hukaa mbele ya kompyuta, huinua kuta, huezeka bati, hupaka rangi, hulipitisha jua dirishani. Kisha huiachia mashine ihesabu mwanga na vivuli, na mwishowe hutoka picha ambayo ungeapa imepigwa kwa kamera. Wenyewe kazi hiyo huiita kurenda.

Germana alizaliwa Buger, kwa watu wa mahindi na maharage, akaenda Arusha kusomea uchoraji wa majengo, akarudi. Ni mtu wa kucheka. Kicheko chake huanza taratibu kama kwikwi, lakini kikishamkamata hakuna wa kukizuia. Siku ya kipaimara cha binamu yake ilibidi atolewe nje ya kanisa, kwa sababu katekista alikuwa amevaa makoti mawili na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua.

Lakini mwaka huo, kuanzia masika, alikuwa amenuna. Aliyemnunisha ni programu yake.

Programu hiyo ilitengenezwa ng'ambo, na warendaji wa kaskazini waliibandika jina la Bibi Harusi, kwa kuwa kila mwaka ilikuja na vazi jipya na masharti mapya. Walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na humo ndimo walimokuwa wakiisengenya. Toleo la zamani lilikuwa limetulia. Lilienda polepole, ndiyo, lakini uliliagiza ukuta likakupa ukuta. Kisha likatangazwa toleo jipya, lenye majani yanayotikisika kwa upepo na wanyama wanaotembea, na Germana, ambaye wakati huo alikuwa amepata mteja mwenye ng'ombe, akashindwa kujizuia. Akalipakua.

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Metui wa Arash, kule Loliondo. Alikuwa amepata kiwanja upande wa Rhotia na alitaka kujenga, ili mkewe, Nashipai, awe karibu na hospitali kwa ajili ya mguu wake, na wajukuu wawe karibu na shule. Tatizo lilikuwa kaka yake, Mzee Parmuat. Huyo hakutaka kusikia habari ya nyumba ya matofali. Alisema mfugaji akijenga mjini kitu cha kwanza kupotea ni ng'ombe, cha pili ni lugha, cha tatu ni yeye mwenyewe. Na bila baraka ya kaka yake mkubwa Metui asingeweka hata jiwe moja.

Kwa hiyo Metui alimwomba Germana kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwomba. Alitaka picha inayotembea, ya mtu anayeingia getini, anazunguka nyumba na kuiona yote, na ndani ya picha hiyo wawemo ng'ombe. Si ng'ombe wowote, bali wake. Akampa simu yake, na ndani ya simu hiyo mlikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Germana akawatengeneza mmoja mmoja: yule mwekundu mwenye paji jeupe, yule wa madoadoa aliyevunjika pembe ya kushoto, na fahali mkubwa mweusi mwenye nundu iliyolalia upande. Akawapanga malishoni, nyuma ya nyumba, wote vichwa chini wakila.

Kwenye skrini ya kupangia, kila kitu kilikuwa shwari. Aliporenda picha ya kwanza, yule mwekundu alikuwa amesimama juu ya bati.

Germana alidhani amekosea yeye. Akamshusha, akarenda tena. Sasa mwekundu alikuwa chini, lakini wenzake wote walikuwa wamepanda. Akaiandikia kampuni. Wakamjibu kwa adabu nyingi kwamba upande wao tatizo hilo halionekani, na wakamshauri azime kompyuta na kuiwasha. Akazima, akawasha. Baada ya siku chache kampuni ikatoa marekebisho, naye akayapakua kwa furaha, na kweli ng'ombe wakakaa chini. Ila majani yakaota kwenye makochi. Yakatoka marekebisho mengine: majani yakakoma, mbingu ikawa rangi ya Fanta. Yakatoka mengine tena, na milango yote ikahamia darini.

Kundini hali ilikuwa hiyo hiyo. Hilary wa Arusha, rafiki yake wa tangu chuoni, alikuwa akirenda hoteli, na bwawa la kuogelea lilikuwa limejisimamisha ukutani kama kioo cha kujitazamia, maji hayamwagiki. Mteja wake alimuuliza kwa upole kama wageni wataingia na ngazi. Germana aliposoma hayo kwikwi ikamgusa kidogo, akaimeza. Hakuwa na raha ya kucheka. Alikuwa ameahidi siku, na wazee wangetoka Arash kuja kuitazama nyumba.

Akaiandikia kampuni tena, safari hii akaambatanisha picha. Jibu lilichelewa. Aliyejibu alikuwa kijana wa huduma kwa wateja, na ilionekana ameitazama ile picha kwa muda mrefu, kwa sababu aliandika: "Samahani kwa kuuliza, dada. Nimeambiwa nisidhanie chochote kuhusu mila za watu. Je, ng'ombe kukaa juu ya paa ni sehemu ya usanifu?"

Germana alimjibu kwamba hapana, Karatu ng'ombe hukaa chini.

Siku iliyotangulia ile ya wageni, marekebisho mapya kabisa yakatoka, na kampuni ikaapa kwamba sasa yote yamekwisha. Akajaribu picha moja, ikatoka safi. Akajaribu ya pili, safi. Ndipo akaiwasha ile picha ndefu ya kutembea, akaiacha mashine ihesabu. Umeme ukakatika mara mbili, ukarudi, na kazi ikaendelea kusuasua mpaka wageni wakiwa tayari ngazini. Hakupata nafasi ya kuitazama hata mwanzo wake.

Waliingia watatu: Metui na fimbo yake, Nashipai akichechemea, na nyuma yao Parmuat, mrefu, shuka nyekundu imekunjwa begani, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Germana akawaamkia, wakamwitikia, akawapa viti na chai ya maziwa. Parmuat hakuigusa chai. Hhando alikuwa amemwazima Germana televisheni kubwa ya saluni, kwa sharti kwamba naye aitazame, kwa hiyo akasimama mlangoni na mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi.

Picha ikaanza. Barabara ya udongo mwekundu, mawingu ya Ngorongoro yakiwa yamekaa mlimani kama yanavyokaa kila asubuhi, geti likafunguka lenyewe. Nyumba ikaonekana, nyeupe, baraza pana. Metui akajiweka sawa kitini. Picha ikapita pembeni kuelekea nyuma, na pale malishoni ng'ombe wake wakawa wanakula, mikia ikitikisika. Germana akashusha pumzi. Metui akamgusa kaka yake mkono, akamtajia yule wa pembe iliyovunjika. Parmuat akatikisa kichwa mara moja tu, kwamba amemwona.

Picha ikaingia ndani.

Sebuleni majani yalikuwa yamefika magotini. Yalikuwa majani mabichi, mazuri, yanatikisika kwa upepo ambao haukujulikana umeingilia wapi, kwa kuwa madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Yalikuwa yameota kwenye makochi, juu ya meza, hata kwenye televisheni. Hapo Germana aliinuka ili aizime, lakini rimoti alikuwa nayo Hhando, na Hhando hakuwa na habari na mtu. Picha ikapita jikoni. Ndani ya jiko, kati ya sinki na friji, alisimama yule mwekundu mwenye paji jeupe, akiwatazama kwa utulivu kama mwenye nyumba aliyeingiliwa na wageni bila hodi. Kisha picha ikatoka nje na kupanda juu ili ionyeshe paa, na juu ya bati kundi lililobaki lilikuwa limejipanga, wanakula bati. Mmoja hakuwapo. Picha ikapanda zaidi, ikampata. Fahali mweusi alikuwa ameshaliacha paa na alikuwa akipaa mbinguni polepole, miguu imenyooka, anacheua.

Germana aliliona jina lake likifa mjini Karatu. Alikuwa amefungua kinywa aombe radhi, aeleze habari za Bibi Harusi na marekebisho yake, lakini alitanguliwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Nashipai. Alivuta ncha ya shuka akajiziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akaiachia shuka na kusema kwa sauti ya mtu anayethibitisha jambo alilokwisha kulisema zamani: "Huyo ni fahali wangu. Niliwaambia hafungiki."

Basi ikawa imekwisha. Kwikwi ya Germana, ambayo ilikuwa imehifadhiwa tangu masika, ikatoka yote kwa mkupuo mmoja. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Metui alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka, akimwelekezea fahali fimbo kana kwamba anamrudisha zizini. Hhando akairudisha picha nyuma bila kuombwa, na yule ng'ombe mwekundu akawatazama tena kutoka jikoni, ikawa balaa upya. Mteja wa Hhando, aliyeachwa chini, akapanda kuona kuna nini. Alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, na kumwona kwake kukawamaliza waliokuwa wamebaki.

Parmuat peke yake alikuwa ameukaza uso. Aliukaza kwa nguvu zote. Ile picha ilipofika kwa fahali mara ya tatu, aliinuka, akatoka nje kwa heshima, akafunga mlango. Wakasikia kishindo ngazini, wakadhani ameondoka kwa hasira. Metui akaacha kucheka. Germana akakimbia kumfuata, na akamkuta ameketi kwenye ngazi ya tatu, paji la uso limeegemea ukutani, anacheka peke yake kwa sauti nyembamba ya kijana, na hawezi kusimama.

Akakaa kando yake mpaka kicheko kikapungua. Akamwomba radhi, akamweleza kwamba kosa ni la toleo jipya, na kwamba atalirekebisha lote, ng'ombe watashuka.

Parmuat akajipangusa macho kwa shuka. "Binti yangu," akasema, "mimi nilikuja hapa kumkataza mdogo wangu. Nilidhani mjini hakuna nafasi ya ng'ombe. Wewe umewaweka mpaka jikoni."

Germana akamwambia ukweli, kwamba jikoni hawatakuwapo.

"Najua. Mimi si mtoto," akasema Parmuat. "Lakini ndugu yangu, alipoambiwa aseme anachotaka kwenye nyumba yake, hakusema gari wala televisheni. Alikupa ng'ombe, umewatengeneza na pembe zao zilizovunjika. Mtu aliyepotea hafanyi hivyo."

Akarudi ndani, akainywa chai yake iliyokwisha poa, akamwambia mdogo wake maneno machache kwa Kimaa. Germana hakuyaelewa, isipokuwa moja, sidai, ambalo ni kusema ni vizuri. Metui akainamisha kichwa, na kaka yake akamwekea mkono juu yake.

Hhando alikuwa ameirekodi ile picha kwa simu, na kufikia wiki iliyofuata ilikuwa imefika Rhotia, Mbulu na Arash. Madereva wa watalii waliwaonyesha wageni wao picha hiyo wakisubiri kwenye geti la hifadhi. Kijana wa huduma kwa wateja akaandika kuomba ruhusa aionyeshe kwenye kikao cha wakubwa wake, na alipopewa akajibu kwamba kikao kilivunjika kabla ya ajenda ya kwanza, na kwamba mkuu wao, mtu asiyecheka, alilazimika kuomba maji. Kisha toleo likarekebishwa kweli, ng'ombe wakashuka. Hata hivyo kundini walikubaliana kwamba toleo jingine likitangazwa, waachwe kwanza watu wa Ulaya wauonje mchuzi. Hilary akasema bwawa lake limelala chini, ila sasa maji ni ya rangi ya maziwa ya mgando, na mteja ameyapenda.

Siku ya kuweka msingi Germana alialikwa. Walinyunyiza maziwa kwenye pembe nne za kiwanja, Nashipai akamvisha mkufu wa shanga, na Metui akamletea mbuzi jike wa kijivu, mchangamfu kupita kiasi, akasema huyo hayumo kwenye kompyuta, amchukue. Hakuna aliyekuwa amefikiria atamsafirisha vipi. Akaita bodaboda. Dereva aliwatazama wote wawili, akakuna kidevu, akasema sawa, ila mbuzi akae katikati.

Wakashuka barabara ya vumbi kuelekea Buger kwa mama yake, mbuzi ameshikwa kama mtoto, masikio yanapepea. Kila walipopita mlango wa duka mbuzi alilia, na wenye duka wakatoka kuitikia. Kwenye kona ya mahindi akaanza kula kofia ya dereva taratibu, kuanzia nyuma. Germana aliona, akataka kusema, lakini kwikwi ilikuwa imekwishamkamata, na dereva akawa anauliza bila kugeuka, dada mbona pikipiki inatikisika hivyo.